Nepi za Mheshimiwa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wote wenye masikio na hasa kwa wote wenye pua, kwamba haya yanayofuata ni habari za kuanguka na kuinuka kwa nyumba moja kubwa. Humu mna hukumu iliyotolewa hadharani, mna mvua kama ya gharika, na mna ushindi ulioshangiliwa na watu wakiwa wamesimama. Msomaji anaombwa avue kofia.

Sasa aivae tena. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, na aliyeiangusha alikuwa na miezi minane na meno mawili, na kosa lake lilikuwa kukojoa.

Alikojoa kama watoto wote wanavyokojoa, bila kinyongo na bila kuomba ruhusa. Jina lake la cheti tuliache kwenye cheti. Wapangaji wenzake walimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alibebwa kila alikokwenda, alisemewa na wengine, hakufanya kazi yoyote, na akiamka tu watu wote walisimama. Hivyo mama yake akawa Mama Mheshimiwa na baba yake akawa Baba Mheshimiwa, ingawa cheo hicho hakikumwongezea mshahara hata mmoja wao.

Mama Mheshimiwa alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule. Asubuhi alimwacha mwanawe kwenye kituo cha kulelea watoto, nyumba ya bati iliyochorwa sungura ukutani, sungura ambaye mchoraji alimpa masikio ya punda. Aliyekiendesha kituo hicho alikuwa mama wa makamo, mwenye aproni nyeupe isiyojua doa, ambaye wazazi walimwita Mkaguzi akiwa hayupo. Watu wote tuna pua. Mkaguzi alikuwa na pua kama askari alivyo na kirungu.

Ijumaa jioni Mama Mheshimiwa alipofika kumchukua mwanawe, alimkuta amekalishwa peke yake barazani, kwenye mkeka wake mwenyewe, mbali na wenzake, kama mtu aliyewekwa kizuizini. Kando yake palikuwa na mfuko wa nepi uliofungwa fundo juu ya fundo. Mheshimiwa alikuwa akitafuna kidole cha mguu na kuonekana hana habari ya mashtaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea huku, Mama Mheshimiwa."

Alisogea. Wazazi wengine walikuwa mlangoni wakisubiri watoto wao. Mkaguzi hakupunguza sauti, maana hakuwa nayo ndogo.

"Mwanao nampenda. Halii ovyo, hang'ati wenzake. Lakini ananuka."

"Anakojoa, mama. Si ni mtoto?"

"Wote wanakojoa! Hapa nimezungukwa na mabomba yasiyofungika. Wenzake wakikojoa wananuka mkojo. Wako akikojoa, ananuka zizi. Nikimfungua macho yananiwasha kama nakata vitunguu."

Mzazi mmoja aliinama kumfunga mwanawe kamba za viatu. Mtoto huyo hakuwa amevaa viatu.

"Nafua kila siku," Mama Mheshimiwa alisema, na akasikia sauti yake imekuwa ndogo. "Asubuhi zinanukia maua."

"Asubuhi, sikatai. Subiri akojoe sasa." Mkaguzi alimnyanyua Mheshimiwa, akamkabidhi mama yake kwa mikono iliyonyooka. "Sijasema hufui, mwanangu. Nasema ananuka, na wenzako wameanza kuniuliza. Jumatatu mlete akiwa hanuki. Akinuka, utarudi naye."

Njiani alimbana mwanawe kifuani na kuhesabu njia zilizobaki, na hesabu haikuchukua muda. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kwenye geti la karakana wanawake walipanga foleni kila asubuhi kuuliza kama kuna cherehani iliyo wazi. Msimamizi alikuwa na msemo wake: "Cherehani haisubiri mtu, mtu ndiye husubiri cherehani." Mwezi uliopita, siku kituo kilipofungwa, alijaribu kumlaza Mheshimiwa chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa. Hata saa ya chai haikufika. Msimamizi alisimama katikati ya karakana, akavuta hewa na kuuliza kwa upole wa kutisha, "Jamani, nani amekojolea sare za watoto wa watu?" Cherehani zote zilinyamaza. Aliambiwa siku nyingine kama ile asijisumbue kuja.

Bila kituo hakuna karakana. Bila karakana, mshahara wa baba ungelipa kodi ya chumba, halafu wote watatu wangekaa humo chumbani wakitazamana na njaa yao.

*

Hapa ni lazima tumlete Baba Mheshimiwa, na tumlete kwa saluti, maana alikuwa mtu wa taaluma. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni. Sabuni ikishaganda hutoka kama matofali makubwa, na yeye ndiye aliyeyakata kwa waya kuwa miche. Vipande vilivyovunjika au kupinda havikuuzwa, na wafanyakazi waliruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Wengine huficha fedha chini ya godoro. Wao chini ya godoro walikuwa na sabuni. Sabuni ilikaa dirishani, juu ya kabati, ndani ya viatu vya harusi. Mguu mmoja wa kitanda, uliokuwa mfupi, ulisimama juu ya mche wa sabuni kwa heshima zote. Baba mwenyewe alinukia sabuni kiasi kwamba hata mbu walimpita wakaenda kwa jirani.

"Mwanangu mimi? Anuke?" Alikaa kitandani kama aliyesukumwa. "Nyumba ya mkata sabuni? Kiwandani wakisikia nitaweka wapi uso?"

"Uso utauweka unapouweka siku zote. Jumatatu nitamweka wapi mtoto?"

Baba alifikiri kitaalamu. "Sabuni haijatosha," alisema.

Kufua kwao kulikuwa hivi. Nepi ya kitambaa ikilowa ilitumbukizwa kwenye ndoo yenye maji, ikatiwa kipande cha sabuni, ikafunikwa kifuniko kwa nguvu ili harufu isitoke. Humo ilikaa na wenzake mpaka jioni, zikiiva taratibu. Jioni zilipakwa sabuni tena, zikafikichwa mpaka povu likafika viwikoni, zikasuuzwa mara moja kwa ajili ya adabu, kwa kuwa bomba lilikuwa moja uani na foleni yake ndefu. Kisha zilichovywa kwenye maji ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua, nayo yalitoka kiwandani. Mwisho zilianikwa ukumbini gizani, kwa sababu mama mwenye nyumba hakutaka mgeni aingie getini apokewe na nepi.

Jioni ile walitia sabuni mara mbili ya kawaida. Beseni lilifura kama unga uliotiwa hamira. Baba alifua mwenyewe, amekunja suruali, huku akisema kwamba sasa harufu imekutana na mwanaume.

Simu iliita. Alikuwa Bibi, mama yake Baba, ambaye hakupiga simu ila kulikuwa na jambo la kusahihisha.

"Nimesikia mjukuu wangu ananuka."

"Umesikia wapi, mama?" Baba alishangaa. "Hata saa mbili hazijapita."

"Jambo la kunuka halihitaji tarishi. Mnachemsha?"

"Hatuna pa kuchemshia. Tangu yule mpangaji aunguze dari, jiko chumbani ni marufuku. Hita marufuku. Kuna jiko moja la gesi, la wote, la kupikia tu."

"Basi mnamfunga mtoto uchafu," Bibi alisema. "Mimi nimelea saba, na nepi zote zilipanda jikoni. Nepi isiyochemka haijafuliwa, imeoga tu." Akakata simu, ili neno la mwisho libaki mahali pake.

Mama Mheshimiwa alitazama jiko la wote kwa jicho la mwizi.

*

Jumamosi asubuhi, wapangaji wakiwa bado wanapiga mswaki, alitia nepi kwenye sufuria kubwa, akamimina maji, akafunika, akawasha gesi. Akasimama mbele ya sufuria mikono nyuma, kama mtu anayelinda benki. Kila aliyepita alimwambia "Naona leo kuna mambo," naye alijibu "Ya kawaida tu." Maji yalianza kuchemka. Ndipo Mheshimiwa, huko chumbani, alipoamua kulia.

Alikimbia mara moja tu. Lakini katika nyumba ile aliishi fundi redio, kijana mseja aliyeamini kwamba sufuria ya jirani haina mlango. Fundi alikuja na kijiko chake, kwa maana alitembea nacho mfukoni pamoja na bisibisi. Aliinua kifuniko kidogo. Mvuke ulimpofusha. Akachota, akapuliza, akanywa.

"Mchuzi mwepesi," alisema kwa sauti, kumshauri mpishi yeyote aliyekuwa karibu. "Na chumvi bado."

Akachota tena, safari hii akitafuta nyama. Kijiko kikapanda na pini ya nepi.

Kilio alichotoa kiliamsha hata wale ambao Jumamosi huamka saa sita. Mama Mheshimiwa aliporudi na mwanawe kiunoni, alikuta jikoni pamejaa. Fundi alikuwa ameshika ukuta, akitema. Mama mwenye nyumba alisimama mbele ya sufuria akiwa na kifuniko mkononi kama ngao.

"Jikoni mwangu?" alisema. "Kwenye gesi ya wapangaji wote?"

"Samahani, mama. Sufuria ni yangu mwenyewe, na..."

"Sufuria yako, pua zetu! Nimenyamaza siku nyingi. Nimesema ni mtoto, nimesema ni kijana wetu. Leo mmewanywesha watu!"

"Sikunyweshwa, nilionja," fundi alisema kwa unyonge, akiona kwamba jambo hili litamfuata maisha yake yote.

"Nyamaza, wewe. Unalo la kujibu na wewe." Mama mwenye nyumba alimgeukia tena mshtakiwa. "Na zile zinazoning'inia ukumbini zitoke leo leo. Zikaanikwe nyuma, kwenye uzio, mgeni wangu asizione. Nyumba hii ilikuwa inanukia kabla yenu."

Mama Mheshimiwa alizima gesi, akabeba sufuria yake katikati ya watu. Walimpisha kwa upana kuliko sufuria ilivyohitaji. Machozi yalikuwa tayari, lakini aliyaambia yasubiri, mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta.

*

Alizianika zote kwenye uzio wa nyuma: za kwenye sufuria, na zile za ukumbini ambazo zilikuwa kavu, zimelainishwa, zinanukia maua, zimehesabiwa kuwa safi. Zikapangana nyeupe kama meno ya mtu mwenye afya. Chache tu zilibaki chumbani ndani ya boksi, kwa ajili ya mchana.

Hakuwa amefika mlangoni mvua ilipoanguka. Haikutanguliza manyunyu, ilimwagwa yote kama maji ya ndoo yaliyotupwa dirishani.

"Nepi!" mtu alipiga kelele dirishani.

"Mwache, anasuuza kisasa," sauti ya fundi redio ilijibu. Alikuwa ameanza kupona.

Mama Mheshimiwa alimwacha Mheshimiwa kwa jirani, akakimbia na beseni kichwani. Alipofika kwenye uzio akasimama. Kutoka kwenye kila nepi povu lilikuwa likitiririka. Lilishuka jeupe, zito, likaangukia tope, likaungana na kujaza mfereji mzima kama maziwa yaliyochemka yakamwagika. Aliigusa nepi iliyokuwa kavu na safi tangu asubuhi. Iliteleza mkononi kama samaki.

"Nani amemwaga sabuni uani kwangu?" Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka na mwavuli. "Watu watateleza wavunjike viuno!"

"Hakuna aliyemwaga, mama. Inatoka yenyewe."

"Inatoka wapi yenyewe?"

"Kwenye nepi zilizosuuzwa."

Wote wawili walitazama. Povu liliendelea kutoka bila aibu. Mama mwenye nyumba aliinamisha mwavuli, akachungulia povu kwa karibu, kisha akarudi ndani kwa hatua za mtu anayeogopa kuteleza.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Pengine nao walikuwa na mtoto mchanga.

Mama Mheshimiwa hakuanua. Alishusha beseni, akasimama chini ya mvua, nywele zimelala, gauni limemganda, akizitazama nepi zikitapika. Zile zilizochemshwa nazo zilitapika. Alisubiri mpaka maji yaliyodondoka kutoka kwenye pindo yakawa maji tu.

Mvua ilikoma ghafla kama ilivyoanza, na jua likatoka na hasira ya mtu aliyecheleweshwa. Alasiri nepi zilikuwa zimekauka. Alimfunga Mheshimiwa moja, akamnywesha maji, akakaa naye. Alipokojoa, mama alimfungua, akaisogeza nepi puani pake bila hata kuvuta pumzi ya kujiandaa. Ilinuka mkojo. Mkojo wa leo, wa mtoto mmoja.

Akachukua nyingine kutoka kwenye boksi, ile isiyonyeshewa, yenye harufu ya maua. Alimbadilisha, akasubiri. Mheshimiwa alikuwa mtu wa kutegemewa. Alipoifungua tu, zizi zima liliingia chumbani.

*

Baba alirudi kutoka zamu ya Jumamosi amebeba mfuko begani, uso umeng'aa.

"Wameniongezea vipande! Leo tutazifua mpaka zitoe siri zote."

"Zimeshatoa," mke wake alisema. "Keti, mume wangu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Keti."

Alimwekea mbele beseni la maji matupu na nepi safi kutoka kwenye boksi. "Itumbukize. Ikamue."

Baba aliikamua. Povu likaja, likajaa vidoleni.

"Umetia sabuni."

"Sijatia."

"Umetia kidogo."

"Mwaga hayo, kachote mengine mwenyewe."

Alikwenda bombani, akarudi, akakamua. Povu. Akaenda tena. Povu. Fundi redio, ambaye alikuwa amesogeza kiti chake karibu na dirisha lao kwa sababu za kibinafsi, alisema, "Baba Mheshimiwa, hiyo si nepi. Hilo ni tawi la kiwanda."

Baba hakucheka. Alikaa akitazama mikono yake, mikono ambayo ilikuwa na alama za waya.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemnukisha mwanangu."

"Sijasema hivyo."

"Sabuni yangu."

"Sabuni yako ni nzuri. Ila imekaa mahali ilipopaswa kupita." Mama Mheshimiwa alivuta kigoda akakaa karibu naye. "Sisi tunaitia, hatuitoi. Inabaki kwenye uzi, inaushika mkojo wa jana, na wa juzi. Nayo yale maji ya maua yanaufunika juu, kama shuka juu ya mgonjwa. Mtoto akikojoa leo, wote wanaamka."

"Kama wageni waliokataa kuondoka," Baba alisema taratibu.

"Na tunazidi kuwapa godoro."

Hapo ndipo alipocheka, cheko fupi la kushindwa. Kisha akakuna shingo. "Unajua, kiwandani meza ya kukatia hatuiogeshi kwa sabuni. Jioni tunaikwangua kwa maji matupu, mengi. Ukitia sabuni juu ya sabuni inashika utando, na utando unachacha, unanuka mpaka nyumbani kwa meneja."

Mke wake alimgeukia. "Na ulilijua hilo siku zote?"

"Nilijua la meza," alisema Baba Mheshimiwa.

*

Jumapili walitoka uani na nepi zote, na mfuko wa sabuni ukabaki chumbani kama mgonjwa aliyekatazwa matembezi. Mapipa ya mama mwenye nyumba yalikuwa yamejaa maji ya mvua. Alitoa nusu pipa kwa masharti, na Mama Mheshimiwa alitoa yake: maji ya kusuuzia yasimwagwe, yakaoshe choo cha wote. Mama mwenye nyumba alikubali akijidai anajishusha. Kufika adhuhuri choo kilikuwa kinanukia kuliko baadhi ya wapangaji, naye alikwenda kukitazama mara kwa mara bila haja.

Walisuuza. Hawakufua, walisuuza tu: kutumbukiza, kukamua, kumwaga, kurudia. Mama alitumbukiza na Baba alikamua, kwa kuwa mikono ya kukata sabuni ilijua kubana. Wanaume wa jirani waliegemea ukuta.

"Baba Mheshimiwa, umehamishiwa idara gani?"

"Idara ya kusuuza."

"Na mama watoto ndiye bosi?"

"Tangu harusini. Nyie wenu bado hawajawaambia?"

Walicheka, na mmoja wao aliyecheka sana aliitwa na mke wake ndani, akatoka na beseni.

Povu lilipungua, likawa mapovu machache, likawa vitone, kisha maji yakanyamaza. Mama Mheshimiwa alilipenda neno hilo na kuanzia siku ile ndilo likawa sheria ya chumba: suuza mpaka maji yanyamaze. Sheria nyingine zilifuata. Nepi ya mkojo isuuzwe pale pale kwa maji ya baridi, kabla haijapata muda wa kufikiri. Yenye makubwa zaidi ikakung'utwe chooni kwanza. Kisha isubiri kwenye ndoo ya wazi, kavu, isipikwe kwenye maji yake yenyewe chini ya kifuniko. Sabuni iwe kipande kama kucha ya kidole gumba. Hapo Baba alifumba macho, lakini alitikisa kichwa kukubali. Maji ya maua hapana. Na zikaanikwe juani, nyuma, kwenye uzio uliokuwa adhabu, kwa sababu huko jua lilishinda kutwa nzima.

"Na kuchemsha?" Bibi aliuliza kwenye simu.

"Tumepata jiko, mama," Mama Mheshimiwa alimjibu, akitazama juu. "Kubwa. Halina zamu na halihitaji gesi."

"Afadhali," Bibi alisema, na akajisifu kwa majirani zake kwamba ushauri wake umefuatwa.

*

Jumatatu walikwenda wote watatu. Baba alikuwa na zamu ya baadaye, na alitaka kusikia hukumu kwa masikio yake. Mlangoni wazazi walikuwepo, akiwemo yule wa kamba za viatu.

Mkaguzi alipokea mfuko, akatoa nepi, akainusa. Akaitazama dhidi ya mwanga. Akainusa tena.

"Kavu haisemi kitu," alisema. "Tumsubiri akojoe."

"Mama, kengele ya karakana..."

"Nimesema akinuka utarudi naye. Ukishaondoka nitamrudisha na nani?"

Basi wakasubiri. Na msomaji aliyefika hapa anamjua Mheshimiwa, mtu ambaye hajawahi kukaa mkavu kwa muda wa kupika chai. Asubuhi ile alikuwa mkavu kama jangwa. Walimpa maji, akanywa, akakaa. Baba alimnong'oneza "shii, shii" sikioni mpaka yeye mwenyewe akaanza kubadilisha mguu. Mtu alifungua bomba. Mama Mheshimiwa alitazama kivuli cha paa kikishuka ukutani, kikapita masikio ya yule sungura, na akamwona moyoni mwake mwanamke wa kwanza kwenye foleni ya getini akinyoosha gauni.

"Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "siku zote umekojoa nilipokusihi usikojoe. Leo nakuomba."

Mheshimiwa aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama anayekagua gwaride. Kisha akatabasamu, tabasamu la mbali, la mtu aliyekumbuka jambo.

"Tayari!" alisema Mkaguzi.

Alifungua pini. Aliinua nepi kwa mikono miwili hadi usoni, akafumba macho, akavuta hewa mpaka aproni ikapanda. Bomba lilifungwa. Akavuta tena. Akaigeuza, akavuta upande wa pili.

"Huu ni mkojo," alisema.

"Ndiyo, mama," Mama Mheshimiwa alijibu.

"Mkojo tu."

Palitokea kelele ambayo kituo kile hakijaisikia tena. Baba Mheshimiwa alipiga makofi, wazazi wakapiga, watoto waliomo ndani wakapiga bila kujua sababu. Mkaguzi alisubiri watulie.

"Ulichemshia wapi?"

"Sikuchemsha. Maji ya bomba na ya mvua, ya baridi."

"Kwa sabuni gani?"

Wote walimgeukia Baba, kwa kuwa kazi yake ilijulikana. Baba alikohoa. "Kidogo," alisema. Neno hilo halijawahi kumgharimu mtu zaidi.

"Umesikia?" Mkaguzi alimwambia mama wa viatu. "Wako naye ameanza kuniwasha macho, nilikuwa nakutafutia siku. Mfuate huyu akufundishe." Akamchukua Mheshimiwa, akampakata kwenye ile aproni nyeupe, na kumbusu utosini mbele ya wote.

Mama Mheshimiwa alikimbia. Alikimbia viatu mkononi, akafika getini kengele ikilia, akaipita foleni, akakaa kwenye cherehani yake na kuweka mguu kwenye pedeli. Msimamizi alipita nyuma yake, akasimama, akavuta hewa kwa mazoea.

"Kuna nini leo?"

"Hakuna kitu."

"Naam," Msimamizi alisema, akishangaa kidogo. "Hakuna kitu." Akaendelea na safari yake, na cherehani ikaanza kuimba.

*

Habari hii ingeishia hapo, kwa bendera na tarumbeta. Lakini mama mmoja mwenye miwani, aliyekuja shuleni kwetu siku ya kutembelewa, ameikuta juu ya kitanda cha bweni akaisoma yote, kidole mstari kwa mstari. Alipofika kwenye lile tabasamu aliinua macho.

"Umejuaje kwamba alikumbuka jambo?"

Nilisema mwandishi hujua yote.

"Hukujua lolote. Ulikuwa na meno mawili."

Basi nimekamatwa, na nakiri. Nilikuwepo tangu ukurasa wa kwanza. Nilikuwa ndani ya nepi. Sikumbuki povu, sikumbuki makofi. Yote nimesimuliwa naye, na alipoacha mwanya nimetia chumvi, zaidi kuliko fundi redio alivyoitaka. Jina la Mheshimiwa nalo halijanitoka. Hata bweni limelipata, sijui kwa tarishi gani.

Nilidhani nimesamehewa, kwa sababu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaokota shati langu la sare kitandani, upande wa miguuni, lililokuwa safi kabisa, akalisogeza puani.

"Hili umelisuuza mara ngapi?"

"Mara moja, mama. Maji ya bweni ni ya baridi."

"Chukua beseni," alisema, "twende bombani."